Buti la Kaka

Nilikuwa nadhani mimi na kinyaa tumeshamalizana. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafua mashuka ya hospitali. Nimeshika ambayo wengine hawataki hata kuyasikia: ya waliojifungua, ya waliofanyiwa upasuaji, ya wazee waliolala siku tatu bila kugeuzwa. Mchana nilikuwa nakula chakula changu palepale kando ya mashine, na utani juu. Kwa hiyo nikisema siku ile nilishikwa na kinyaa ambacho mpaka leo hakijanitoka, mjue sizungumzii funza.

Mambo yalianza na mguu wangu. Niliteleza kwenye sakafu yenye sabuni kazini, nikavunjika juu kidogo ya kifundo, nikafungwa plasta wiki saba. Mimi nakaa ghorofa ya nne na jengo letu halina lifti. Ukishapanda umepanda. Na mama yetu anaishi upande wa pili wa mji, peke yake, kwenye chumba ambacho alikataa kukihama tangu baba afariki. Mama ana sukari, na mwaka mzima alikuwa na kidonda kwenye kisigino kinachofunga na kufunguka. Kila baada ya siku moja nilikuwa nakwenda kwake, namsafisha kidonda, nambadilishia bandeji, namwachia chakula cha siku mbili. Sasa nimelala na gogo la plasta, nani atakwenda?

Kaka alipanda ngazi siku ileile nilipotoka hospitali.

"Wewe pika tu, mdogo wangu," aliniambia. "Kupeleka niachie mimi. Kwani mama ni wa kwako peke yako?"

Nililia. Sikutegemea. Kaka yangu ni mtu wa usafi kupita kiasi, tangu utoto. Akiona unywele kwenye sahani, hali siku nzima. Kiti anakifuta kwa kitambaa kabla hajakalia, na mkono anakupa ncha za vidole tu, kama anayekupa kitu cha kuazima. Kwenye kampuni ya vigae anakouza wanamwita Manukato, na jina lenyewe analipenda. Anaishi kwenye jengo letu hilohilo, chini kabisa, kwenye nyumba ambayo sakafu yake unaweza kujitazama uso. Ndiye pekee mwenye gari katika familia.

Basi nikapika. Nilikaa kwenye stuli, mguu juu ya kiti, namenya viazi, nachemsha supu ya kuku, wali, mboga, maharage yaliyoiva sana kwa sababu mama meno yamemwisha. Siku tatu kwa wiki. Nilitia kwenye vyombo vya plastiki vyenye vifuniko, kila kimoja nikakibandika utepe wa karatasi na kuandika: Jumatatu mchana, Jumanne jioni, ili mama asichanganye. Mwenzangu wa kazini aliniletea dawa za mama na bandeji, nikazifunga kwenye mfuko, nazo nikampa kaka.

Kila asubuhi ya zamu yake alisimama mlangoni akinukia mpaka kwenye ngazi, akachukua mfuko kwa vidole viwili.

"Kaka, na vyombo vya juzi?"

"Mama anavirundika huko. Nitavikusanya siku moja."

Vyombo vikaniishia. Nikawaomba wenzangu wa kazini makopo ya aiskrimu na ya siagi, wakaniletea, nikaendelea.

Simu nilimpigia mama kila siku. Masikio yake hayako sawa, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa mafupi na ya kupiga kelele.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Usijisumbue."

"Na kidonda?"

"Kidonda kipo tu. Mguu wako je?"

Huko kuambiwa nisijisumbue mimi nilikuona ni shukrani. Nikawa nafunga simu nimefurahi.

Plasta ilitolewa Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa najifunga kitambaa kichwani niende kwa mama, kwa fimbo, polepole, mlango ukagongwa. Alikuwa msimamizi wa jengo, mzee mwembamba ambaye nusu ya maisha yake ni kugombana na watu kuhusu takataka.

"Gari la kaka yako linanuka," alisema bila salamu.

"Linanuka nini?"

"Shuka ujionee. Mimi sitaki kutamka."

Kaka alikuwa amesafiri tangu Jumapili kwa mkutano wa kikazi, baada ya kuchukua kwangu chakula cha mama cha hadi Jumatano, na gari lilikuwa uani, karibu na kamba za kuanikia nguo. Nilipofika ghorofa ya pili tayari niliisikia harufu yake. Harufu nazijua kwa majina, lakini hii ilikuwa imechanganya majina yote: uchachu, uozo, na juu yake utamu mzito kama wa tunda lililopasuka juani. Uani kamba zilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wameanua nguo zao zikiwa mbichi. Nzi walijaa kwenye mstari wa buti kama waliochorwa kwa kalamu. Chini ya gari kulikuwa na doa, na doa lilikuwa linameta.

Wapangaji walisimama mbali, wameziba pua. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Huyo ni mtu. Mnyama hanuki hivyo."

Nikampigia kaka.

"Gari lako linanuka, kaka. Watu wamejaa hapa."

"Panya huyo. Ameingia chini akafa. Nitashughulikia nikirudi."

"Unarudi lini?"

"Jumapili. Sikiliza, mtu asiguse gari langu. Umenisikia? Ufunguo ninao mimi."

"Wanasema ndani kuna maiti, kaka."

"Waache wapuuzi waseme." Simu ikakatwa. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Msimamizi alikuwa amenisimamia kichwani. "Mpaka Jumapili siwezi. Kabla ya saa sita buti hilo liwe wazi, la sivyo naita polisi, na wao hawafungui kwa bisibisi."

Ndipo nikamwita fundi wa vitasa. Alikuja na gari lake la kazi lililoandikwa BILA UFUNGUO ubavuni, na hivyo ndivyo watu wanavyomwita. Mtu mnene, mchangamfu, mfukoni ana bisibisi nyingi kama peni za mwalimu. Alinusa hatua kumi kabla hajafika, akasimama.

"Hapa kuna kitu kimekufa na mazishi hakikupata," alisema. "Gari la nani?"

"La kaka yangu. Yuko safarini."

"Amekubali?"

Nikasita. Msimamizi akadakia, "Jengo limekubali. Fungua."

Fundi akanitazama mimi, si yule mzee. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Haya, dada. Buti lina njia zake. Tunaanza na za adabu, zikigoma tunahamia kwenye za utundu."

Alipiga magoti nyuma ya gari, akaingiza vijichuma viwili kwenye tundu la ufunguo, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Alizungusha, akarudisha, akazungusha. Alipovitoa vilikuwa vimepakwa kitu cheusi kinachovutika kama gundi. Alivifuta kwenye majani, kisha kwa mazoea tu akavisogeza puani.

"Ala!" Akavitupa chini, akatema mate mara tatu. "Hii njia imekufa."

Akahamia mlango wa mbele. Alipenyeza kabari ya plastiki pembeni mwa mlango, akaingiza mfuko mdogo wa hewa, akaupuliza taratibu mpaka ukapatikana upenyo wa kidole. Akapitisha waya mrefu, akavua kitasa cha ndani kama anayevua samaki. Mlango ukafunguka. Mle ndani vitu viwili vilikuwa vinapigana: uvundo, na manukato ya kaka. Pembeni mwa viti alikuwa ameweka vikopo vitano vya kunukiza gari. Vitano! Mtu mwenye panya mmoja havihitaji vitano.

Kando ya kiti cha dereva kulikuwa na kishikizo cha kufungulia buti. Fundi alikivuta. Nyuma kukalia *tak*, lakini mfuniko haukunyanyuka.

"Waya wake mzima," alisema. "Kitasa ndicho kimeshikana. Kuna kitu kimemwagikia ndani kikakauka. Mzee, njoo upige juu ya mfuniko kwa kiganja nikivuta. Piga kwa nguvu."

Msimamizi alipiga. Kila kofi moja nzi waliruka wakamzunguka uso, naye akawa anapiga amefumba macho na mdomo ameubana, akiguna kwa puani. Kofi la sita tone likachuruzika kwenye ukingo, likamwangukia kiatuni. Alikivua hapohapo akaenda kukisugua mchangani, mguu mmoja soksi.

"Ningeweza kutoboa," fundi aliniambia, "hapa juu ya namba, nipitishe waya nisukume kitasa. Lakini tundu litabaki, na mwenye gari sijaongea naye. Kabla ya drili kuna njia moja zaidi. Tulaze kiti cha nyuma, tuingie buti kwa ndani."

"Sawa."

Alifungua mlango wa nyuma, akavuta kamba ndogo juu ya mgongo wa kiti. Kiti kikainama mbele.

Sijui nilieleze vipi. Ile iliyokuwa nje haikuwa harufu; ilikuwa salamu tu. Hii ilitoka kama kitu chenye uzito, ikatupiga kifuani. Nyuma ya kiti, kwenye zulia, funza walikuwa wanatembea, wanene, weupe, hawana haraka. Fundi alirudi kinyumenyume, akafika ukutani, akainama, na chai yake yote ya asubuhi ikatoka. Alitapika mpaka machozi.

"Dada," alisema akijifuta, "mimi nimefungua kila kitu. Hilo siingii. Nisamehe."

"Nipe tochi," nikamwambia. "Na glavu. Na bisibisi. Nielekeze."

"Wewe? Na huo mguu?"

"Nimeshika mabaya zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilikaza kitambaa changu puani. Fundi alinielekeza akiwa amesimama mbali: "Utaona kitasa katikati mwishoni, kipande cha chuma kimeuma kingine. Ubavuni kuna kijitundu. Ingiza bisibisi, zungusha kwa nguvu, kisha sukuma mfuniko juu."

Nikaingia kwa tumbo. Mguu uliokuwa plastani ulikuwa hauna nguvu, ukaburutika nyuma. Mkono wangu wa kushoto ulishika kitu laini, kikabonyea, kikatoa sauti kama mtu anayecheua. Nilipomulika niliona kifuniko cha plastiki kimevimba kama kichuguu. Juu yake kulikuwa na utepe wa karatasi. Utepe ulikuwa na maandishi.

*Jumatano jioni.*

Herufi J ile yenye mkia mrefu ni yangu. Mwalimu alinichapa kwayo darasa la pili na bado sikuiacha.

Nikamulika kushoto. *Jumatatu mchana.* Nikamulika kulia. *Ijumaa.* *Jumanne jioni.* Kopo la aiskrimu. Kopo la siagi. Baadhi vifuniko vilikuwa vimelipuka vyenyewe, na supu ilikuwa imegeuka manyoya ya kijani. Wali ulikuwa unatembea. Viazi vyangu nilivyoviponda kwa uma mpaka visibaki na donge, kwa ajili ya mtu asiye na meno, vilikuwa maji meusi. Na kona ile, safi kabisa, ukiwa bado umefungwa kwa fundo nililolifunga mwenyewe, ulikuwapo mfuko wa dawa na bandeji.

Nililala palepale juu ya vile vyombo. Sikusikia harufu tena.

"Dada!" Fundi aliita. "Umekiona kitasa?"

"Nimekiona," nikasema.

Nilizungusha bisibisi. Ilikataa, nikazungusha tena, nikasukuma mfuniko kwa kichwa, na mwanga wa saa nne asubuhi ukaingia.

Wapangaji walisogea, wakaona, wakaanza kupumua. Wengine wakacheka kwa kuondokewa na wasiwasi. "Kumbe chakula tu!" alisema mmoja. "Sisi tumeshamzika mtu."

Nilitokea upande wa buti, fundi akinivuta mikono. Nilishika ule mfuko wa dawa. Yeye alikuwa anasoma zile tepe, moja baada ya nyingine, na uchangamfu ulimtoka usoni polepole.

"Chakula hiki cha nani, dada?"

"Cha mama yangu."

"Mama yuko wapi?"

Nikaukumbatia ule mfuko wa dawa. Alikusanya vyombo vyake vya kazi kwa mkono mmoja.

"Panda kwenye gari langu," alisema. "Hivyo hivyo ulivyo. Panda."

Msimamizi alitaka kufunga mfuniko. "Liache wazi," nikamwambia. "Mtu asitoe hata kimoja."

Njia nzima fundi aliendesha madirisha yakiwa wazi. Nilikuwa nanuka, nina funza kwenye pindo la nguo, na nilichokuwa nawaza ni ile mifuko niliyomkabidhi kaka asubuhi hadi asubuhi, na yeye akiniambia, "Mama anakusalimu."

Mlango wa mama haukuwa umefungwa. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, na sikumtambua mara moja. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Gauni alilovaa lilikuwa linaning'inia kana kwamba limetundikwa kwenye msumari. Kando yake kwenye stuli palikuwa na kikombe cha uji kilichonywewa nusu, na jirani yake, mama mmoja mshonaji, alikuwa anamfutia mdomo.

"Mwanangu!" mama akapiga kelele kwa furaha. "Mguu umepona?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Mama, chakula nilichokuwa nampa kaka akuletee, ulikipata hata siku moja?"

"Chakula gani?" Alimtazama jirani, akanitazama mimi. "Si kaka yako aliniambia umevunjika, huna kazi, huna hali? Akasema nisikutajie habari za chakula, utaumia moyo. Ndiyo maana nakwambia usijisumbue."

Yule jirani aliniangalia kwa macho makavu. "Mimi nilidhani mmemtupa," alisema. "Nampa uji nikipata nafasi. Na mimi nina cherehani na watoto."

"Kaka alikuwa anakuja, mama?"

"Anakuja. Anasimama hapo dirishani. Ananiwekea mkate, wakati mwingine ndizi." Akashusha sauti, kama anayenitunzia siri ya mtoto mdogo. "Unamjua kaka yako. Chumba kina harufu. Hawezi."

Chumba kilikuwa na harufu kweli. Nilipiga magoti, nikafungua kitambaa cha kichwa alichojifungia kisigino mwenyewe. Kilikuwa kimegandana na nyama. Chini yake hakukuwa na kidonda tena. Kulikuwa na weusi uliopanda mpaka kwenye kifundo. Dawa zilikuwa zimemwishia mwezi uliopita. Alidhani hazijapatikana.

Fundi ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Yule aliyetapishwa na funza alimbeba mama yangu kifuani kwake, kidonda kikamgusa shati, na wala hakugeuza uso. Kwenye hospitali yangu mwenyewe, Ijumaa asubuhi, mama alikatwa mguu chini ya goti. Mashuka yake niliyafua mimi. Niliwaomba wenzangu waniachie.

Kaka alirudi Jumapili saa tisa mchana, na sanduku lake la magurudumu, suti, harufu yake. Siku tatu buti lilikuwa wazi. Wapangaji walinichukia, msimamizi alilifunika kwa turubai, lakini hakuna aliyetoa kitu. Nilikuwa nimekaa uani namsubiri. Alipoona turubai alisimama.

"Nilikwambia mtu asiguse gari langu."

"Mama amekatwa mguu," nikasema.

Alitoa kitambaa mfukoni, akajiziba pua, na nilipoona mkono ule na kitambaa kile nilijikaza nisimpige kwa fimbo.

"Kwa nini, kaka?"

Kwanza alisema ni kazi nyingi. Halafu alisema ni foleni. Mwisho akakaa kwenye sanduku lake, mara ya kwanza namwona anakalia kitu bila kukifuta.

"Siku ya kwanza nilikwenda," alisema. "Kweli nilikwenda. Nikafika mlangoni, ile harufu ikanishika koo. Nikarudi kwenye gari. Nikasema nitarudi jioni. Jioni nikasema kesho. Vyombo vikaongezeka. Kutupa hapa nyumbani, ungeviona. Kutupa njiani, ningeonekana natupa chakula. Nikasema kesho, kesho. Halafu buti lenyewe likaanza, nikawa siwezi tena kulifungua."

"Lakini vilivyomo ni kumi na nne," nikamwambia. "Nimevihesabu. Nilikupa zaidi ya hivyo. Vingine vimekwenda wapi?"

Alitazama vidole vyake.

"Kaka, vingine viko wapi?"

"Nilikula," alisema. "Ofisini. Buti lilikuwa halifunguliki tena, sikuwa na pa kuviweka. Vyombo vitupu nikavitupa hukohuko." Na kwa sauti ya mtu anayetaka kusema japo jambo moja zuri, akaongeza, "Vilikuwa vitamu."

Hapo ndipo kinyaa kiliponishika. Siyo kwenye buti, siyo chumbani kwa mama. Ilinijia picha yake pale mezani kwake, amejitandikia kitambaa mapajani, anakula viazi vilivyopondwa kwa ajili ya mdomo usio na meno, huku mwenye mdomo anapewa mkate dirishani. Nilisimama nikaenda kwenye mtaro, na mimi, ambaye funza hawakunitapisha, nilitapika mpaka nikabaki na nyongo.

Nilipomaliza nilimtupia glavu. "Toa."

Alitoa. Msimamizi na nusu ya jengo walikuwa madirishani. Chombo cha kwanza kilimpasukia mikononi, supu ikaingia kwenye mkono wa suti. Alitapika, akatoa cha pili. Alilia kama mtoto, akanywea, akanitazama nimwambie basi, sikumwambia. Nilidhani nikimwona hivyo nitapoa. Sikupoa. Nilimwona mtu mzima anayesikitikia mikono yake.

Mama alipotoka hospitali nilimweleza kaka jambo moja tu: "Wewe utapanda juu, mama atakaa chini." Hakubisha. Alihamishia vitu vyake kwenye nyumba yangu ya ghorofa ya nne, na mimi na mama tukaingia kwenye ile yake ya vigae. Wiki ya kwanza mama alicheka kila alipojiona sakafuni. Wiki ya pili ikanuka dawa na mkojo na uji, kama nyumba yoyote yenye mgonjwa. Gari kaka aliliuza kwa mtu wa vyuma chakavu, kwa sababu harufu haikutoka kwa sabuni wala kwa jua.

Mama alimsamehe kaka siku ileile nilipomweleza. Sijui kama hata aliona kuna cha kusamehe. "Kila mtu na maumbile yake," ananiambia, nami natoka nje ili nisimjibu vibaya. Kaka anapopita kwenda kazini anasimama kizingitini, anasalimia, anaweka kitu mezani kwa kunyoosha mkono. Mimi alicholeta sili. Najaribu, nakirudisha sahanini.

Jumapili iliyopita mama alitaka kuota jua. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimetoboka tairi, na mgongo wangu ulikuwa unaniuma. Kaka alikuwa kizingitini kama kawaida.

"Njoo unibebe wewe," mama akamwambia.

Alinitazama. Nikajifanya nakunja nguo. Aliingia, hatua nne, akapitisha mkono mmoja chini ya mapaja ya mama na mwingine mgongoni, akamnyanyua. Uso wake ulikuwa umevimba, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Alikuwa amebana pumzi. Mama alikuwa kifuani kwake, akauona ule uso kwa karibu kuliko mimi.

"Pumua, mwanangu," akamwambia. "Utaniangusha."

Akapumua. Nilimwona akimeza, nikaona koo likipanda na kushuka, kisha akatoka naye uani polepole, anatazama anapokanyaga. Mimi nikachukua shuka nikaanza kutandika kitanda.